Dawa Moja, Kikaangoni na Juu ya Nguzo ya Umeme

Mwaka 2014 habari moja kutoka Kenya ilizua gumzo: wezi walikuwa wakifyonza mafuta kwenye transfoma za umeme na kuwauzia wakaanga chipsi wa kando ya barabara. Mafuta hayo ni hatari kwa mlaji, lakini yalipata wateja kwa sababu hudumu kikaangoni kuliko mafuta ya kupikia.

Kudumu huko kunatokana zaidi na asili yake. Mafuta ya transfoma kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na hayachachi upesi kama ya alizeti au mawese. Hata hivyo, mengi yake huongezwa pia dawa ya kuyalinda, ambayo inaweza kufika asilimia 0.4. Inaitwa BHT, na hiyohiyo huweza kukutwa kwenye vyakula vya dukani, ikiandikwa E321.

BHT ni antioksidanti, yaani kitu kinachozuia oksijeni ya hewani isiharibu kitu kingine. Hutengenezwa kiwandani, na Marekani iliiruhusu kwenye chakula mwaka 1954. Ndugu zake wa karibu ni BHA, yenye namba E320, na TBHQ, yenye namba E319.

Kazi yake inaeleweka ukijua mafuta yanavyochacha. Chupa ikiachwa wazi penye joto na mwanga, molekuli moja ya mafuta hudhuriwa na oksijeni, nayo hunyang'anya haidrojeni ya jirani yake. Jirani naye hugeuka mnyang'anyi, na uharibifu unaenea hadi harufu inabadilika na ladha inakuwa chungu. BHT hujitoa mhanga: humpa mnyang'anyi haidrojeni yake yenyewe, halafu hutulia bila kumdhuru mwingine. Mfuatano unakatika.

Mpira, plastiki, petroli na mafuta ya ndege nayo huharibiwa na oksijeni kwa njia inayofanana na hiyo. Ndiyo maana BHT imo katika vitu hivyo vyote, na hata kwenye rangi ya midomo. Mtu akisikia kwamba kilichomo kwenye konifleksi kimo pia kwenye mafuta ya ndege, ni rahisi kushtuka. Ila kazi ni ileile, na lililo muhimu kwa afya ni kiasi kinachoingia mwilini.

Marekani hairuhusu BHT izidi asilimia 0.02 ya mafuta yaliyomo kwenye chakula, sawa na miligramu 200 kwa kila kilo ya mafuta. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mtu anaweza kula hadi miligramu 0.25 kwa siku, kwa kila kilo ya uzito wake, bila kutarajiwa madhara. Mtu wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 15, ambazo zimo katika gramu 75 za mafuta yaliyotiwa kiwango cha juu kabisa cha Marekani. Mtoto wa kilo 15 hufikia kikomo chake kwa gramu 19 tu, kama kijiko kimoja na nusu hivi cha chakula.

Kuhusu saratani, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameiweka BHT katika kundi ambalo ushahidi hautoshi kutoa hukumu. BHA imewekwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani, hasa kwa sababu panya waliolishwa kiasi kikubwa walipata uvimbe katika sehemu ya tumbo ambayo binadamu hana. Nchi pia hazikubaliani: TBHQ inaruhusiwa Marekani na Ulaya, lakini Japani haiiruhusu kwenye chakula.

Kuna jambo ambalo namba iliyo kwenye chupa haisemi. Kila inapofanya kazi, dawa hii hupungua. Tena BHT na BHA hupeperuka na mvuke mafuta yanapochemka. Mafuta yaliyokaanga mandazi asubuhi, yakakaanga samaki mchana na kurudishwa jikoni jioni, huwa yamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya ulinzi wake, ingawa chupa yalimotoka bado imeandikwa E321.