Gemu, Kazi na Uniti za Luku

Mzazi wa Maneromango anayetaka kompyuta ya nyumbani huishia Kariakoo, na muuzaji humpokea kwa swali: ya gemu au ya ofisi? Jibu hubadilisha bei haraka.

Ya ofisi, hata iliyokwisha tumika ng'ambo, inamtosha mtu wa kuandika barua, kupiga hesabu za korosho, kuomba mkopo wa HESLB au kutuma maombi kupitia Ajira Portal. Hizi ndizo kazi ambazo wengi huzipeleka steshenari na kulipia kila ukurasa. Ya gemu inaizidi hasa kwa kadi ya michoro, yaani chipu inayofanya maelfu ya hesabu ndogondogo kwa wakati mmoja ili picha zisikwamekwame.

Chipu hiyo haibagui mchezo na kazi. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alitumia kadi mbili za Nvidia GTX 580, bidhaa ya wacheza gemu, kuifundisha kompyuta kutambua picha. Mashine yenyewe ilikuwa chumbani kwake, nyumbani kwa wazazi wake! Kazi ile iliisukuma mbele sana akili mnemba tunayoisikia leo. Hapa Kisarawe, anayehariri video za harusi au kuchora ramani za nyumba atafaidi kadi ya namna hiyo. Anayechapa mitihani hana haja nayo.

Panapouma ni kwenye Luku. Kompyuta inayokula wati 500 humaliza uniti moja kwa saa mbili. Laptopu ya wati 50 huenda saa 20 kwa uniti hiyohiyo, na umeme ukikatika ina betri.

Hofu ya kompyuta nayo si ngeni. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, wala tatizo halikuwa gemu. Wazazi wa leo wanahofia watoto kucheza tu, lakini mkoani Tanga mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyomalizika 2019, yaligawa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, mengi yakiwa katika sura ya michezo, kwa watoto wa vijiji karibu 170. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu.