Dawa ya Asili Ikipita Maabara, Imepita Nini?

Anayenunua unga wa mlonge au magome ya dawa katika masoko ya Mwanza siku hizi haambiwi tu kwamba wazee waliitumia dawa hiyo. Huambiwa pia kwamba imepimwa maabara, inaondoa uvimbe na ina antioksidanti. Maneno hayo huweza kuwa ya kweli kabisa, na bado yasimwambie mgonjwa lolote kuhusu kupona kwake.

Kipimo kinachotumika sana cha antioksidanti huanza na kemikali ya zambarau iitwayo DPPH. Dondoo la mmea likitiwa humo na rangi ikageuka njano, mmea umefaulu. Chai ya rangi nayo hufaulu, tena vizuri, wala hakuna anayedai kuwa inatibu baridi yabisi. Kipimo cha uvimbe kimesogea mbele zaidi: panya hudungwa wayo kwa karaginani, kitu kitokanacho na mwani kama ule wanaoulima akina mama wa Zanzibar. Mguu huvimba ndani ya saa chache, kisha waliopewa mmea hulinganishwa na waliopewa dawa ya hospitali kama diklofenaki. Hapo angalau kuna mwili ulio hai. Ila mara nyingi dondoo hilo hutolewa kwa methanoli au ethanoli, ilhali mgonjwa wa Magu au Ukerewe hunywa magome yaliyochemshwa kwa maji. Kinachotoka kwenye gome kwa methanoli si lazima kitoke kwa maji, kwa hiyo kilichopimwa na kinachonywewa vyaweza kuwa vitu viwili. Hata antioksidanti halisi yaweza kumgeuka mtu: nchini Finland wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na matokeo ya mwaka 1994 yakaonyesha kuwa waliopewa antioksidanti iitwayo beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Wapo watakaosema babu zetu walipona bila maabara. Hoja hiyo ina uzito, kwani dawa inayoua papo hapo isingerithishwa. Lakini sumu ya polepole humponyoka mganga na mgonjwa pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 nchini Ubelgiji waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, jamii iliyotumika kwa muda mrefu katika tiba ya China. Wengine huona maabara kama dharau kwa waganga. Mtafiti wa China, Tu Youyou, anatuonyesha kinyume: alipokwama katika kutafuta dawa ya malaria, alirudi kwenye maandishi ya kale yaliyoelekeza mmea uloweshwe majini na kukamuliwa, akaachana na joto kali, akaipata artemisinini ya kutibu ugonjwa huo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Ujuzi wa matayarisho ndio uliomfungulia mlango.

Tanzania haianzii sifuri. Muhimbili ilianza utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na sheria ya 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwanza ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na chuo kikuu cha tiba pale Bugando. Watafiti wake waanze na chungu cha mganga: mmea uleule, maji yaleyale, kipimo kilekile anachompa mgonjwa. Wapime kwanza kama dawa inadhuru ini na figo, ndipo waende kwa wagonjwa, na jina la mganga liandikwe kwenye matokeo. Nawe unayenunua, muulize muuzaji ni nini hasa kilichopimwa, na ukifika hospitali mtajie daktari kila dawa unayokunywa.