Haki ya Mwanafunzi Kuuliza

Ukiifuata Barabara ya Ali Hassan Mwinyi kutoka katikati ya jiji, ukalivuka Daraja la Selander na kuingia Kinondoni, utazipita taasisi ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizoamua mtoto wa Tanzania afundishwe sayansi gani na apimwe vipi. Pale Kijitonyama, mahali ambapo makondakta wa daladala hupaita Sayansi, ilijengwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kijitonyama hiyo hiyo likawekwa Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973. Na huko Mikocheni ikakaa Taasisi ya Elimu, iliyozaliwa mwaka 1975, ambayo hutunga mihtasari na vitabu vya kiada. Upande wa pili wa jiji, katika Temeke, kipo chuo cha Chang'ombe, ambacho zamani kilikuwa cha ualimu na ambacho mwaka 2005 kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, na humo vijana hufunzwa ualimu wa fizikia, kemia, biolojia na hisabati. Katika pande hizo mbili ndiko yaliko madarasa yenyewe, ya Mbagala, Tandika, Tandale na Bunju, na humo ndimo ninamotaka msomaji aniandame, kwa sababu mtaala uwao wote, hata ukiandikwa kwa hekima ya namna gani, hauwi elimu mpaka mwalimu asimame mbele ya watoto na kushika chaki.

Kiwango kilichowekwa na serikali ni wanafunzi 40 kwa darasa moja la sekondari. Lakini tangu shule za kata zilipoenea kwa mpango ulioanza mwaka 2004, na ada ilipoondolewa mwaka 2016, jambo lililowafungulia mlango watoto wa maskini na ambalo kwa hilo tu lastahili shukurani, madarasa mengi ya pembezoni mwa Dar es Salaam yamefurika kupita kiwango hicho, na si ajabu mwalimu mmoja wa fizikia kubebeshwa mikondo yote ya kidato. Katika hali hiyo somo aghalabu huenda kwa njia moja: mwalimu huandika mada ubaoni, hueleza maana ya istilahi, hutoa kanuni, hufanya hesabu moja ya mfano, na wanafunzi hunakili kimya mpaka kengele ilie. Kukariri huko sikuhesabu kuwa uvivu wa mwalimu wala ujinga wa mwanafunzi. Ni njia ambayo wote wawili wanaiona kuwa ya salama ya kuufikia mtihani. Ila mwanafunzi aliyeipokea kanuni kwa namna hiyo hajui kamwe kwamba ilikuwa jibu la swali, na kwamba yuko mtu aliyethubutu kuliuliza swali hilo watu wengine walipokuwa wametosheka.

Nchi yetu inayo burhani yake ya jambo hili, na wanafizikia wa dunia nzima wanaijua. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe, ambao desturi yao ilikuwa kuyachemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Siku hiyo nafasi ilikuwa haba. Mwenziwe mmoja akayaweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, akichelea kuikosa nafasi, akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenziwe bado. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa, kwani jambo hilo ni muhali. Hakuridhika. Akasikia kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga kwamba huko nako huyatia maziwa yangali moto ili yagande upesi. Na alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena, akadhihakiwa darasani, mpaka ikawa kila akikosea hesabu wenziwe humkejeli kwa jina lake kama kwamba ana elimu yake peke yake isiyo ya watu wengine.

Ndipo alipokuja Mkwawa Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu kilichokuwapo Dar es Salaam wakati huo, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na kumwuliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji ya ujazo mmoja, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, mbona yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenziwe walicheka. Osborne naye hakuamini, lakini alifanya lile ambalo kila mwalimu wa sayansi apaswa kulifanya, nalo ni kuahidi kwamba atalijaribu jambo lenyewe kabla ya kulikanusha. Fundi wa maabara aliyekabidhiwa kazi hiyo Dar es Salaam alirudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaongeza kwamba atarudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Wakarudia, na jibu likawa lile lile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo limechukua jina la mwanafunzi.

Wala msomaji asidhani kuwa shauri limekwisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa wasipate ithibati ya kuwaridhisha. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada wakaonyesha, katika jarida la Nature, hali ya namna hiyo hiyo kwa vijichembe vinavyoelea majini. Ubishi huu kwangu hauipunguzi hadhi ya Mpemba hata kidogo, maadamu yeye aliona, akauliza, akarudia, akalinganisha, na akavumilia kuchekwa. Na ni ubishi ambao ningependa uingizwe darasani kama ulivyo, ili mtoto wa Temeke ajue kwamba sayansi haijafungwa na kutiwa muhuri.

Watafiti wa ufundishaji nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwapa wanafunzi wake, waliokuwa hodari wa hesabu za mitihani, maswali mepesi kuhusu mwendo wa vitu, na mmoja wao akamwuliza kama ajibu kulingana na alivyofundishwa au kulingana na anavyofikiri mwenyewe. Swali hilo lilimfanya Mazur aigeuze namna yake ya kufundisha, ili wanafunzi washawishiane kwa hoja. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walizikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, wakaona kwamba waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walishindwa takriban 34 katika kila 100, ilhali waliopewa nafasi ya kujadiliana na kutenda walishindwa takriban 22. Tofauti hiyo si ndogo, na katika nchi yenye uhaba wa wanasayansi kama yetu ni kubwa zaidi.

Namna ya Mazur haihitaji fedha. Mwalimu wa Mbagala mwenye betri mbili za tochi, vipande vya waya na glopu mbili zilizo sawa aweza kuziunga glopu hizo kwa kufuatana katika mzunguko mmoja, na kabla ya kuugusisha waya akawauliza wanafunzi: ipi itawaka zaidi, ya kwanza au ya pili? Walio wengi watasema ya kwanza, wakiamini kuwa umeme huliwa njiani. Awahesabu kwa mikono, awaambie kila mmoja amshawishi jirani yake kwa hoja kwa muda wa dakika tatu, awahesabu tena, kisha augusishe waya. Glopu zitawaka sawasawa. Hapo darasa la watoto 90, ambalo kwa mhadhara ni mzigo, huwa ni jopo la mahojiano 45 yanayokwenda kwa wakati mmoja, na aliyekosea huwa amekosea kwa hoja, tena mbele ya macho yake mwenyewe.

Na mahojiano hayo, bila ya kuagizwa na mtu, yatakwenda kwa Kiswahili. Lugha rasmi ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Tume ya Makweta mwaka 1982 ilishauri Kiswahili kiingie kidato cha kwanza tangu mwaka 1985, na shauri hilo halikutekelezwa, ingawa mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Halima Mwinsheikhe, mwalimu wa biolojia, aliyelichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, alieleza jinsi wanafunzi walivyochangamka na kushiriki walipofundishwa kwa Kiswahili na walivyonyamaa walipofundishwa kwa Kiingereza. Mtoto asiye na maneno ya kuulizia hawezi kuuliza. Na mimi naona kumzuia asijadili fizikia kwa lugha anayoiota ni kumnyang'anya chombo cha kwanza cha maabara.

Maabara za matofali nazo zina haki yake. Agizo la Rais Jakaya Kikwete la mwaka 2012, kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, liliwafanya wananchi wachange, na majengo mengi yakasimama. Lakini si nadra kuona jengo lisilo na vifaa, au vifaa vinavyonunuliwa mtihani wa vitendo unapobisha hodi, hata mwanafunzi akaishika bureti siku chache tu kabla ya kupimwa kwayo. Ilhali sokoni Tandika huuzwa choya, ambayo maji yake mekundu huzidi wekundu yakitiwa ndimu na hugeuka rangi kuelekea kijani yakitiwa magadi, na kwa shilingi chache darasa zima laweza kuitambua asidi na besi mwezi wa kwanza wa mwaka.

Limebaki Baraza la Mitihani. Mtaala wa sekondari ulikwisha kugeuzwa mwaka 2005 uelekee kwenye umahiri, lakini mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa, na hana kosa. Waandaao mtihani wa kidato cha nne wangeweka, badala ya swali la kutaja maana, jedwali la vipimo vya jaribio ambalo mtahiniwa hajapata kuliona, na kumtaka aseme ni hitimisho lipi linaloungwa mkono na vipimo hivyo na lipi haliungwi, na ni kipimo gani angekirudia na kwa nini. Swali moja la namna hiyo katika karatasi ya Novemba lingekuwa limeingia madarasani Mbagala ifikapo Januari, kwa kuwa walimu wetu huzisoma karatasi za miaka iliyopita kwa bidii kuliko wanavyousoma mtaala.