Kwa nini selotepu ya zamani huacha doa la njano?

Tafuta cheti au daftari ambalo mtu aliliunga kwa selotepu miaka mingi iliyopita. Plastiki imebanduka yenyewe, na kwenye karatasi umebaki mstari wa rangi ya chai unaoonekana hadi upande wa pili. Gundi ilikwenda wapi? Iliingia ndani ya karatasi.

Gundi ya selotepu za zamani ilikuwa mpira asilia uliochanganywa na rezini, mara nyingi ile ya utomvu wa misonobari. Mpira peke yake haunati sana. Molekuli zake ni nyuzi ndefu mno, zimesokotana kama tambi kwenye sahani, hivyo ukiubonyeza unarudi ulivyokuwa badala ya kutandaa. Molekuli za rezini ni fupi. Zikijipenyeza kati ya nyuzi, msokotano unalegea, na gundi inaweza kujaza vishimo vidogo vya karatasi kwa kubonyezwa kidole tu. Cha ajabu, rezini yenyewe ni ngumu na huvunjika kama kioo! Ukiizidisha, gundi nzima inakuwa ngumu na haishiki tena.

Sasa, udogo huohuo unaoiingiza rezini kwenye mpira ndio unaoitoa. Uzi wa mpira umebanwa na wenzake. Rezini inatembea, hasa kukiwa na joto. Wakati huohuo oksijeni inakatakata nyuzi za mpira, yaani gundi inalainika kama asali na karatasi inainyonya. Baadaye inakauka. Oksijeni inaibadilisha rezini pia, na sehemu kubwa ya ile rangi ya njano inatokana na hapo.

Miaka ya 1950, wataalamu mjini Jerusalem waliunga kwa selotepu vipande vya Hati za Bahari ya Chumvi, maandishi ya takribani miaka 2,000. Tusiwacheke, wakati ule ndiyo ilikuwa njia ya kisasa. Gundi ilipenya kwenye ngozi ikaitia weusi, na wahifadhi wametumia miongo kadhaa kuiondoa.

Selotepu nyingi za leo zina gundi ya akriliki, ambayo inaweza kunata bila rezini na haigeuki njano upesi. Hata hivyo, kuibandua bila kuchana karatasi ni kazi. Kwa hiyo cheti chako kikichanika, kiweke tu ndani ya bahasha safi, kikiwa kimenyooka. Wahifadhi wenyewe huunga kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao ukitaka kuutoa unaulowesha kwa maji kidogo.