Somo: Sadaka ya Yezu na Deni Letu

Sisi sote twakiri ya kuwa Yezu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu. Lakini wengine huuliza: Je, alilipa namna gani?

Tutazame kwanza Agano la Kale. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 16, Mungu aliwaagiza Waisraeli kushika Siku ya Malipizi mara moja kila mwaka. Mbuzi wawili waliletwa. Mmoja alichinjwa, na kuhani mkuu akaingia na damu yake Patakatifu pa Patakatifu. Juu ya kichwa cha wa pili aliweka mikono, akaungama makosa ya taifa lote, kisha mbuzi huyo akapelekwa jangwani. Mwaka uliofuata walianza tena, maana damu ya mnyama haiwezi kutakasa roho ya mtu. Ilikuwa kivuli cha sadaka itakayokuja.

Sasa tufikiri juu ya kijana aliyewasha moto porini pasipo uangalifu, ukateketeza ghala ya jirani na mavuno yote. Wazee wamekata shauri: alipe. Lakini yeye hana kitu. Ndipo kaka yake mkubwa anasimama, anatoa mali yake mwenyewe, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja naye.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mtu ndiye mwenye deni, kwa hiyo yafaa mtu alipe. Lakini aliyekosewa ni Mungu, na hakuna mtu mwenye mali ya kutosha. Hivyo Mwana wa Mungu alijifanya mtu, akawa kaka yetu. Mtakatifu Anselmo, askofu mkuu wa Canterbury, alifafanua jambo hilo mwishoni mwa karne ya 11.

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa Baba alikuwa na kiu ya damu. Baba mwenyewe alitupenda kwanza, akamtuma Mwana. Waliomwua ni watu. Yezu alijitoa kwa hiari. Kilichompendeza Baba si maumivu, bali mapendo na utii wa Mwanawe.

Basi, mkristu aliyetenda dhambi asipeleke kuku kaburini ili kosa lake liondolewe. Kufanya hivyo ni kusema kwamba Kaka yetu hakulipa yote. Wazee wetu marehemu twawaheshimu na kuwaombea. Mkombozi ni mmoja tu.

Lakini zawadi isiyopokelewa haimfai mtu. Twaipokea kwa Ubatizo, na kwa Kitubio chenye majuto ya kweli. Na aliyeiba arudishe. Katika Misa Yezu hauawi tena. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1562 ya kuwa sadaka ya altare ni ile ile ya msalaba, pasipo kumwaga damu.

Tena aliyesamehewa hana budi kusamehe. Mwenye Heri Anuarite, mtawa wa nchi yetu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Kabla ya kufa alimsamehe mwuaji wake.

Maswali ya kushika moyoni

Kwa nini Mwana wa Mungu alijifanya mtu?
Ili alipe deni letu akiwa ndugu yetu.

Sadaka yake ilimpendeza Baba kwa nini?
Kwa sababu ya mapendo na utii wake.

Nasi tufanye nini?
Tutubu, tushiriki Misa, tuwasamehe waliotukosea.