Daikoku: Baraza la Magari

Juma hili, msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya gari. Si gari la kwendea kazini wala la biashara, bali gari kama kitu cha kupendwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunayajua magari ya Japani kuliko tunavyowajua Wajapani wenyewe. Tunayanunua yakiwa yamekwisha kutumika, yanashushwa Dar es Salaam na Mombasa, na usukani wake uko kulia kama tulivyozoea. Lakini wachache wetu tunajua jinsi baadhi ya Wajapani wanavyoyapenda magari hayo kabla hayajatufikia, na jinsi mapenzi hayo yanavyofungwa na sheria.

Nilikwenda kujionea mwenyewe Yokohama, mahali paitwapo Daikoku. Ni kituo cha kupumzikia madereva, juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa kujaza bahari, karibu na daraja kubwa la ghuba lililofunguliwa mwaka 1989. Barabara za kulipia zimejizungusha juu yake kama chatu. Mtu hafiki pale kwa miguu. Lazima aingie kwa gari akitokea katika barabara hizo. Kuna vyoo, duka, mahali pa kula na mashine za kuuzia vinywaji, basi. Hakuna kiingilio, hakuna mwenyekiti, hakuna bango la kuwaalika watu. Hata hivyo, jioni za mwisho wa juma magari huingia moja moja mpaka uwanja ukajaa.

Nilitegemea kelele za disko, nikakuta baraza. Wenye magari wamefungua boneti, wamesimama kando, mikono nyuma, wakingoja kuulizwa. Hapa Nissan Skyline iliyoshushwa mpaka karibu kugusa lami, pale Mazda RX-7 yenye injini isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, na katikati yao vigari vidogo vya injini ya sisi 660 vilivyopambwa kama bibi harusi. Mwenyeji wangu, fundi wa makamo, alinionya mapema: usiguse gari la mtu, na ukitaka kupiga picha, omba kwanza. Niliomba, na kila niliyemwomba aliinama kidogo kwa heshima kabla ya kukubali.

Sasa, kwa nini mtu atoe fedha nyingi kubadili gari lililotoka kiwandani likiwa zima? Jibu moja liko katika mapatano ya viwanda vyenyewe. Tangu mwaka 1989 watengenezaji wa Japani walikubaliana, bila ya sheria kuwalazimisha, kwamba gari linalouzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Mapatano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Lakini wahandisi hawakuacha kuwa wahandisi. Injini ya Skyline GT-R iliyotoka mwaka huo wa 1989, yenye lita 2.6 na tabo mbili, ilijengwa imara kuliko hizo farasi 280 zilizoandikwa. Tabo, kwa asiyejua, ni kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini ili kisukume hewa nyingi zaidi iingie ndani yake. Mafundi wa mitaani walitambua akiba ile iliyofichwa, wakaanza kuichimbua.

Jibu la pili ni la kushangaza zaidi: dola yenyewe iliwaachia nafasi. Japani gari dogo jipya hupelekwa kukaguliwa baada ya miaka 3, na tangu hapo kila baada ya miaka 2. Hupimwa breki, taa, moshi na kelele. Hata ukilishusha gari, ni lazima libaki sentimita 9 kutoka ardhini. Asiyefaulu haingii barabarani. Ukaguzi huo una gharama, nayo ni sababu mojawapo inayowafanya Wajapani wengi wauze magari yao mapema, nasi tukayapata. Mwaka 1995 serikali ilipunguza ukali wa kanuni, ikaruhusu vipuri vingi kubadilishwa bila ya makaratasi marefu, ili mradi gari lifaulu kipimo. Maana yake ni hii: badili upendavyo, lakini uje tukupime.

Nisije nikawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Miaka ya 1980 na 1990 vijana wengi walishindana usiku katika barabara za kulipia na kwenye kona za milimani, na wapo waliopoteza maisha. Kilichosaidia si polisi peke yao. Ule mchezo wa kuliserereza gari kwenye kona, uliozaliwa milimani, ulipewa viwanja na waamuzi, na tangu mwaka 2001 una mashindano yake ya taifa. Na maonyesho ya magari yaliyobadilishwa, yaliyoanza Tokyo mwaka 1983, leo hufanyika kila Januari katika kumbi kubwa za Makuhari, ambako viwanda vikubwa navyo huonyesha magari yao.

Lakini Daikoku yenyewe iko mashakani. Mnamo saa tatu za usiku kipaza sauti kilitangaza kwamba kituo kinafungwa, watu wote waondoke. Jambo hilo sasa ni la kawaida. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: wachache hunguruma na injini zao, na wageni kutoka ng'ambo huletwa kwa makundi kuja kutazama, mpaka dereva wa lori aliyechoka, ambaye kituo kilijengwa kwa ajili yake, hapati pa kuegesha. Mwenyeji wangu hakulalamika. Alifunga boneti, akawasha gari polepole, akatoka kimya kama wenzake. Alijua kwamba baraza lao halina hati yoyote ila adabu ya wanaolihudhuria.

Huku kwetu, Nairobi na Dar es Salaam, vijana nao hubadili bomba la moshi ili gari lingurume, na sisi wazee huwaita wahuni. Mimi naona tumekosea mahali pa kuanzia. Kijana anayelala chini ya gari usiku kucha akitafuta nguvu zilizofichwa ni fundi anayejifundisha kwa fedha zake. Apewe uwanja wa kuchezea, mbali na watoto wa shule, na apewe mkaguzi asiyepokea kitu mkononi. Tumekwisha kuyaleta magari ya Japani kwa meli nzimanzima. Kipimo chake bado hatujakileta, na hicho hakitozwi ushuru bandarini.

Hadi juma lijalo, kwaherini.