Kilomita 42 za Nini?

Huenda, msomaji, ukapishana alfajiri na mtu wa makamo akikimbia kutoka Majengo kuelekea uwanja wa Kamukunji, kabla marobota ya mitumba hayajafunguliwa Gikomba. Usidhani anamwinda Eliud Kipchoge. Wengi wanaojiandikisha kwa mbio za Nairobi Marathon, zilizoanza mwaka wa 2003, wana sababu nyingine kabisa: daktari ameonya kwamba presha imepanda, ndugu ameaga kwa kisukari, au mtu anataka tu kujipima. Wengine, tuseme ukweli, hufuata marafiki na fulana.

Faida yenyewe haiko siku ya mbio. Iko katika ile miezi ya mazoezi, ambapo moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo na misuli hutumia sukari vyema. Tarehe ya mashindano kazi yake ni kukutoa kitandani.

Hata hivyo, kilomita 42.195 si mzaha. Ikiwa umepita miaka 40, unavuta sigara au una presha, pimwa kwanza. Anza kwa kutembea upesi dakika 30. Mwaka wa kwanza kitengo cha kilomita 10 chatosha. Kifua kikibana au ukishikwa na kizunguzungu, simama papo hapo uombe msaada, hata kama utepe unauona.